Hajati na zinki iliyoliwa

Leo Hajati ameniita mwizi mbele ya wateja wake, kisha akanikumbatia mbele ya hao hao!

Mnajua kazi yangu ni kulinda matangi yaliyofukiwa yasiliwe na kutu. Miaka minne iliyopita nilifukia vipande vya zinki kando ya tangi la dizeli, kwenye kituo cha mafuta cha Hajati hapa Mbale, nikaviunga na tangi kwa waya.

Asubuhi nimefika kupima, nikamkuta ameshachimbisha. Ameshika kipande kimoja, kimeliwa kimebaki kama mfupa wa kuku.

"Fundi, hii ndio kitu uliniuzia? Imekwisha yote! Wewe mwizi!"

Madereva wa malori wakazima injini wasikie vizuri. Jamani, aibu!

"Hajati," nikasema, "tuchimbe mpaka kwenye tangi."

Vipimo vyangu vilisema tangi ni zima, lakini sikuwa nimeliona kwa macho tangu siku ile nilipofukia zinki.

Tukachimba. Nikafuta udongo kwa leso yangu.

Safi! Hata doa la kutu hakuna!

"Kutu lazima ile kitu," nikamwambia. "Nimeipa zinki ili iache tangi lako."

Hajati akatazama tangi, akatazama kipande, akacheka mpaka machozi. Akanivuta kifuani, mimi na matope yangu yote.

"Mabwana madereva, mwizi hakuna! Huyu ni fundi kabisa!"

Sasa hivi nakula pilau yake, na kesho nakwenda Jinja kwa dada yake, naye ana tangi.

Nani mwingine ameshatukanwa kwa kazi aliyoifanya vizuri? 😂