Sura ya mama ndani ya montre

Leo nimelia juu ya montre ya mtu nisiyemjua.

Binti yangu alinionyesha kwenye simu: saa ya mkono ya bei kali, msanii ameichora maua ndani. Watu wanabishana. Ameipamba ao ameiharibu?

Nikakumbuka mji wetu wa Likasi, miaka ya tisini, kazi za migodi zilipokufa.

Papa alikuwa na montre ya dhahabu, zawadi ya kazi yake. Mama alipofariki, jirani yetu mchoraji alichora sura ya mama ndani, chini ya mishale. Ndogo, lakini alikuwa yeye kabisa.

Njaa ikatukamata. Tukaipeleka montre sokoni, papa na miye. Mnunuzi akacheka.

“Muzee, uliiharibisha! Nitakupa mufuko moya wa bunga, na hii sura nitaipangusa.”

Papa akaniangalia, mutoto wake mwenye njaa.

“Pangusa,” akasema.

Hatukuwa na picha ingine ya mama. Leo ninatafuta sura yake kichwani, siioni.

Nyinyi mungefanya nini?

Miye siku ile nilikula bukari, ugali wa bunga ile, nikaomba ingine.