Vidole Viwili Juu ya Meza ya Chai

Haya, mshanibana, na Rukia mwenyewe ameshaanza kucheka hapo alipo, basi niwasimulie mimi kabla yeye hajasimulia akatia chumvi, ila mjue hii ni aibu yangu na nikiikumbuka uso bado unaniwaka.

Rukia ni mtoto wa mdogo wangu, anasoma chuo hapa Guangzhou, Uchina, na ndiye mkalimani wangu kila nitokapo Mombasa kuja kununua vitambaa. Sasa asubuhi moja kule Xiaobei, mtaa wetu Waafrika, nanywa supu, mama mmoja mfanyabiashara akaninong'oneza, "Angalia, dada, wakalimani hawa wanakula huku na huku, kwako na kwa mwenye duka." Maneno yakaniingia. (Mimi nikiambiwa baya huliamini papo hapo, zuri ndilo nalitakia ushahidi.)

Tukaenda soko la vitambaa la Zhongda kwa laoban mmoja, yaani mwenye duka, kijana rika la mwanangu wa pili. Nilitaka kitambaa cha zambarau cha sare ya harusi ya binti yangu, na ni yeye tu aliyekuwa nacho. Akatuketisha kwenye meza ya chai, akatoa mkate mweusi wa majani yaliyobanwa, akaumega kwa kisu chembamba. Nikanusa: harufu ya stoo iliyofungwa masika nzima.

"Ni puer, Mamkubwa," akasema Rukia. "Majani ya miti mikongwe, yamevundikwa miaka."

Yamevundikwa! Mimi niliyekulia chai ya Kericho nikajisemea, hapa napewa kilichowaozea.

Laoban akamimina maji yanayotokota, akangoja kidogo tu, kisha chai yote ya kwanza akammwagia chura wa udongo aliyekaa mezani na sarafu mdomoni. Nikasoma Ayatul Kursi kimoyomoyo. Ya pili akatutilia katika vikombe vidogo kama vya kahawa tungu, nyeusi tititi, na hapo nikamwona Rukia akigonga meza kwa vidole viwili, tk tk. Laoban akatabasamu. Akamimina tena, Rukia tena, tk tk. Ahaa! Ishara yao ndiyo hiyo!

Nikaamua kuwavuruga, nikagonga na mimi. Laoban akafurahi, akanijazia. Nikagonga, akajaza, nikagonga, akajaza (na ile chai, sisemi uongo, ilikuwa laini na utamu wake unabaki kooni, ndipo nikazidi kuiogopa), mpaka kikombe cha tisa, kibofu kinalia, hasira zimenipanda, nikafunga ngumi nikaipiga meza mara tatu. Laoban akaruka kitini, akainama mbele yangu huku uso umemwiva, na wenye maduka ya jirani wakaja kuchungulia.

"Nimewajua!" nikapiga ukelele. "Rukia, mwana wa mdogo wangu, unaniuza kwa kugongagonga meza?"

Machozi yakamlenga Rukia. "Mamkubwa, kugonga ni kusema ahsante. Vidole viwili ni ahsante ya watu sawa. Ngumi ni ya mtoto kwa mzazi, ni kama kumsujudia. Umemsujudia laoban, ndiyo maana ameona haya."

"Na huyo chura?"

"Pambo tu. Chai ya kwanza ni ya kuosha majani, hainywewi."

Wenzangu, nilitamani ardhi ipasuke. Nikauliza choo kiko wapi, na hata hilo ilibidi Rukia huyohuyo anitafsirie.

Kitambaa nilikipata, na laoban akanipa mkate mzima wa chai, zawadi. Lakini kwenye metro Rukia hakunisemesha hata neno, na niliumia, maana ningeweza kupata mkalimani mwingine lakini mwana wa mdogo wangu ningempata wapi? Tulipofika hotelini akachemsha maji, akamega majani, akamwaga ya kwanza, ya pili akanitilia mimi. Kuomba samahani kwa mdomo nikaona haya, mtu mzima mimi. Nikafunga ngumi, nikaigonga meza taratibu, mara tatu.

Akanitazama. Kisha akaangua kicheko. "Basi, Mamkubwa, usinisujudie, utanitia laana!"

Tangu siku hiyo nimeapa: nikimshuku mtu, namuuliza kwanza. Na kabla ya kumuuliza, naenda choo.