Kichupa cha Watoto Kumi

Niliripoti kazini maziwa yakiwa yamevuja hadi kwenye gauni jeupe. Mwanangu Imelda alikuwa na miezi minne, nimemwacha mtaa wa Chanji kwa mama mkwe, nami nilikuwa muuguzi mpya wa chanjo katika zahanati moja nje kidogo ya Sumbawanga. Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, alitazama pembeni kwa heshima. "Sista, ukitaka kukamua, ile stoo ina kitasa," akasema. Nikashukuru kupata bosi mwenye utu.

Chanjo ya surua ilikuja ikiwa unga. Ukishaichanganya na maji yake, kichupa kimoja kinatosha watoto kumi, na baada ya saa sita kinachobaki kinamwagwa. Hapo Mfawidhi alikuwa mkali: "Usinifungulie kichupa kwa mtoto mmoja. Utakuwa umewanyima tisa." Kwa hiyo watoto walikusanywa siku moja tu, Jumatano.

Na Jumatano ndiyo niliyopangiwa mkoba, yaani kuwafuata watoto vijijini. Nilipanda pikipiki na kisanduku changu cha barafu hadi kwa wafugaji wa Kisukuma bondeni. Imelda akafikisha miezi tisa, umri wa surua, nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo nikasema tena. Mwenzangu aliyebaki zahanati alidhani nimeshamchanja mwenyewe. Mama mkwe aliwahi kuwapeleka kliniki wajukuu wengine wote, lakini huyu hakumpeleka. Nilipomuuliza baadaye alishangaa kweli. "Mwenye sindano ni wewe, mwanangu. Ningempeleka kwa nani?"

Surua ilimkuta na mwaka na mwezi mmoja. Nilirudi kutoka mkoba nikakuta macho mekundu na vipele nyuma ya masikio, vile vile nilivyokuwa nikiwafundisha akina mama kuvitambua. Nilikaa sakafuni nikalia kwa aibu na hofu.

Alipona, ila jicho la kushoto lilibaki na kovu, halioni vizuri. Niliandika barua ya kuacha kazi. Mfawidhi aliisoma amesimama.

"Nilikukataza kufungua kichupa," alisema, "lakini sikukuuliza hata siku moja wako amechanjwa lini. Kosa hili tugawane, Sista."

Akanirudishia barua. Tangu hapo kisanduku hakikutoka mlangoni kabla hajamuuliza kila mtumishi habari za mtoto wake. Nilipokuja kuwa mfawidhi mwenyewe, kituo kingine, niliuliza vivyo hivyo, na wauguzi vijana wakaniona mmbea. Waache waseme.

Sasa nimestaafu. Kazi niliipenda, sitawadanganya, na wapo watu wazima mjini hapa wanaoniamkia shikamoo kwa kuwa niliwachoma sindano wakiwa wachanga. Imelda anauza nafaka soko la Majengo, na binti yake wa miezi tisa anashinda kwangu. Juzi Imelda alinikabidhi kadi ya kliniki ya mtoto, akaniuliza jambo ambalo miaka yote hakuwahi kuuliza.

"Mama, mimi ulinisahau?"

"Sikukusahau. Nilikuwa nawasubiri wenzako tisa."

Alimweka mtoto mgongoni kwangu, akaikaza kanga kwa mikono yake.

"Huyu usimsubirishe kwa ajili ya mtu," akasema, akaenda sokoni.

Chai niliiacha mezani. Nilifika zahanati mlango haujafunguliwa, nikasimama pale na mjukuu wangu, wa kwanza kwenye foleni.