Sanamu ya Mama na Redio Yangu

Mkinicheka mna haki. Nilikuwa karani nisiye na cheo, nimenunua redio ya betri, naining'iniza begani Temeke nzima ili watu wajue maendeleo yamefika.

Jumapili moja alasiri rafiki yangu Lukasi, mchongaji kutoka Newala, aliniita kwake. Alikuwa amechonga kichwa cha mama yangu kwa mpingo, shukrani kwa jinsi alivyomlisha alipofika mjini hana mtu. Mama naye alikuwa njiani kuja kukiona.

Nilifika mpira umepamba moto redioni. Lukasi akafunua sanamu, imelazwa mkekani.

"Mtazame, ndugu yangu."

"Amefanana kabisa, hasa macho!" nilisema, macho yangu mwenyewe yakiwa kwenye redio, natafuta mawimbi. Kisha pembeni nikaona kigogo laini, nikakikalia nisikilize vizuri.

"Ndugu, hapo..." Lukasi alianza.

"Ngoja, hiyo kona!"

Mtu akasimama mbele yangu. Nikainua kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alijibu polepole. "Goli likiingia, uinuke usoni pangu."