Wimbo Niliourekodi Mpunga Ukiwa Juani

Jamani, watu wa rika langu kule Ifakara hawaniiti Bonifasi, wananiita Kambale, na wengine wakishaniita hivyo macho yao yanashuka taratibu mpaka kwenye suruali yangu, halafu wanacheka. Wana haki. Acha niwasimulie mwenyewe, maana wakiwasimulia wao wataongeza chumvi, na mkasa wenyewe tayari umekolea.

Miaka ya tisini mwanzoni nilikuwa mgonjwa wa muziki wa dansi. Sisemi niliupenda, nasema nilikuwa mgonjwa, na ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye chemko, pale waimbaji wanaponyamaza na magitaa yanaanza kukimbizana, hata mtu mwenye kiuno kibovu anajikuta ameshasimama. (Muziki wa siku hizi unaanza na kelele na kuisha na kelele ile ile, hakuna mahali pa kusubiri. Sisi tulikuwa tunasubiri.) Shida ilikuwa watangazaji wa redio. Chemko likianza tu, mtangazaji naye ndipo anapokumbuka kutusalimia, kututajia saa, na kuukata wimbo.

Sasa pale Kibaoni, nyumba ya pili kutoka kwetu, alikuwepo Eleuteria. Nilimpenda Eleuteria kiasi kwamba nikitumwa maji nilikuwa napita kwao, na kisima kiko upande mwingine kabisa. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Mbeya, na angepanda treni mara tu baada ya sherehe ya kipaimara cha mdogo wake. Kulikuwa na wimbo mmoja tulioupenda wote wawili, ambao hakuna mtu mtaani aliyewahi kuusikia mpaka mwisho. Siku moja akaniambia, "Boni, ukiuleta ule wimbo mzima kwenye kipaimara, bila mtangazaji, chemko nacheza na wewe." Basi. Kama kuna neno la kumwambia kabla hajaondoka, nililipanga nilisemee hapo hapo kwenye chemko.

Redio yetu ilikuwa haina sehemu ya kaseti, kwa hiyo nikaazima kiredio kaseti kidogo, nikakielekeza kwenye redio ya mama, vikatazamana kama watu wanaosengenya. Betri zake zilikuwa zimechoka. Nikazianika uani pembeni ya turubai la mpunga, kama tulivyofanya wote zamani hizo, zipate jua zirudishe nguvu kidogo. Mchana kipindi cha muziki kikaanza, nikazirudisha betri, nikafunga dirisha, nikakaa chini sipumui, na kweli wimbo ukaja, nikabonyeza. Mtangazaji siku hiyo alinyamaza (Mungu ambariki popote alipo), chemko likaingia, na mimi nikaanza kutabasamu peke yangu.

Hapo ndipo mvua ilipoanguka bila hata kupiga hodi. Mama akaanza kupiga kelele nje, nikatoka mbio tukakusanya mpunga, na nilipoingia ndani wimbo ulikuwa umeshaisha na kaseti bado inazunguka. Ningeisikiliza ile kaseti, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini betri zilikuwa zinakata roho, nikajiambia kimaikrofoni kidogo kama kile hakiwezi kusikia mambo ya uani. Nikairudisha nyuma kwa kalamu, nikaiweka mfukoni.

Kesho yake, siku ya sherehe, nikavaa suruali yangu ya kitambaa, pasi imekaa vizuri. Nikampa baba yake Eleuteria shikamoo yenye adabu zote, nikamkabidhi kaseti, akaiweka kwenye redio yake kubwa yenye betri mpya kabisa.

Sikujua jambo moja. Ukirekodi kwa betri zilizochoka, kaseti inazunguka polepole, na ukiipiga kwenye betri mpya inakimbia. Waimbaji wakatoka na sauti za watoto wa chekechea. Watu wakacheka, jasho likanitoka, lakini Eleuteria akanishika mkono akasema, "Waache, si chemko hili hapa linakuja?" Likaja, tena mbio kweli kweli. Tukaanza kucheza kama tumeingiliwa na siafu, naye anacheka, mkono wake uko mkononi mwangu, na nikafungua mdomo kumwambia lile neno.

Redio ikaniwahi. Mvua ikasikika, halafu kisauti chembamba, cha kasi, kinapenya katikati ya magitaa: "We Kambale! Kambale we! Mpunga unalowa umekumbatia redio! Na hiyo suruali kwenye kamba ikilowa utavaa nini kwenye kipaimara, unayo nyingine? Utavaa kanga yangu!"

Kambale ni jina la nyumbani, nilipewa kwa kuchomoka mikononi wakati wa kuogeshwa, na kwa miaka yote nilikuwa nimefanikiwa kulificha. Sherehe nzima ikageuka kuitazama suruali. Mama alikuwa amekaa na akina mama wenzake, akauliza, "Huyo nani anafoka namna hiyo?" Hakujitambua! Wenzake wakaangua kicheko, na alipoelewa akasimama akasema kwa sauti, "Kwani nimesema uongo? Ingelowa, leo angevaa nini?"

Eleuteria alicheka mpaka akakaa chini. Alipoinuka, chemko lilikuwa limeisha. Wiki ile ile akapanda treni, na stesheni aliniambia tu, "Kambale, ubaki salama," nami nikasema, "Haya," na ndilo neno pekee nililoweza kumwambia.

Kaseti niliivuta mkanda wote nje kwa hasira, nikaitupa uani. Mama akauokota, akauzungusha kwenye mkono kama uzi. Msimu uliofuata akaufunga kwenye miti shambani kwetu Michenga, ukawa unalia kwa upepo juu ya mpunga, ndege hawasogei. "Angalau unafanya kazi," akasema. Wala sikufikiri chochote, nilifurahi kwamba sitalazimika kuamia ndege siku nzima. Jua likaula mkanda ule, ukakatika vipande vipande.

Eleuteria ana wajukuu sasa, na ule wimbo nimekuja kuusikia mzima mara nyingi. Ni mzuri tu. Mama ametutoka, na hatuna mahali pengine popote palipobaki sauti yake, kila mtu nyumbani ameshatafuta. Niliapa siku ile kwamba sitapiga tena hadharani kaseti ambayo sijaisikiliza, na kiapo nimekitunza. Ila ningeipata ile moja, ningeipiga mbele ya Ifakara nzima, wacheke wanavyotaka. Na nisingeweka betri mpya. Ningeweka zile zilizochoka, zilizoanikwa juani, ili mama anifokee kwa sauti yake mwenyewe.