Fungu la Baba

Wanaokuja kwangu kupata ushauri huondoka siku ya kwanza wamenuna. Nawakalisha, nawaambia wasikilize pumzi zao na mikono yao, basi, nami nakaa kimya. Mmoja alinijia juu: "Nimepanda basi kutoka Songambele kuja kukutazama umenyamaza?" Nikacheka. Saikolojia niliisomea chuo kikuu, lakini kazi yenyewe niliianzia jikoni kwa mama, Bweranyange, na mwanzo wake ni uchungu mtupu.

Vita vilipoanza mwaka sabini na nane, baba aliondoka na wanamgambo. Wenzake walirudi. Yeye hakurudi, wala habari zake. Kwetu msiba ukiingia, nyasi hutandazwa ndani, watu huja kulala hapo na mfiwa, na hakuna anayeshika jembe mpaka maziko yapite. Mama alinyimwa hayo yote. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikataa katakata: "Hatumlilii mtu asiye na kaburi. Mnataka kumwitia kifo?" Basi mama akaendelea kulima, macho mekundu. Kila jioni alimenya ndizi za baba pamoja na zetu, akampakulia fungu lake, akalifunika kwa jani. Asubuhi lililiwa na mbuzi. Kuongea aliacha kabisa. Nilimchukia baba mkubwa, na sioni haya kulisema.

Aliyekuja ni jirani yetu, mwanamke mwenye asili ya Rwanda aliyekuwa akituchumia kahawa. Pole ilikuwa imekatazwa, kwa hiyo hakusema pole. Alivuta kigoda, akachukua kisu, akamenya pamoja na mama. Akisema neno, lilihusu kilichomo mkononi tu: "Utomvu unanata leo." Muda mrefu mama hakujibu. Jioni moja akasema, "Unanata kweli." Jamani! Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Chuoni walikuja kunifundisha jambo hilohilo kwa jina refu.

Miaka ya tisini, baba mkubwa amezeeka na hana tena nguvu za kubishana, alikubali. Wakakata mgomba, wakauvika shuka, wakauzika shambani kwa jina la baba. Nyasi zikatandazwa. Watu wakaja, wakalia. Mama hakutoa hata chozi. Mimi nilikuwa likizo, maneno ya darasani yamenijaa kinywani, mara fungua moyo, mara sijui nini. Jirani akanishika goti. "Mwache," akasema.

Jioni mama aliinuka akafuata kisu. Wanawake wakamzuia, maana mfiwa hapiki. Akawasukuma. Tukakaa watatu, mama, jirani na mimi, tukamenya, tukapika. Wakati wa kupakua akatenga fungu la baba kama kawaida, akachukua jani alifunike. Mkono ukasita. Nilisikia pumzi yake ikipanda na kushuka. Nilitamani kusema chochote, roho iliniuma mno, lakini nikanyamaza.

Akaliweka jani chini. Akamsogezea jirani sahani ile.

"Kula wewe, dada," alisema. "Mwenyewe haji tena."

Jirani akala. Mama akalia kwa sauti, miaka yote ile ikatoka, na hakuna aliyemwambia anyamaze.