Shemeji Masaba alivyonikalisha meza moja na mama mkwe kwenye dim sum ya Wachina, Jinja

Wakuu, salamu kwenu. Nimeona uzi wa vyakula vya kigeni, watu wanacheka tu. Mimi chakula hicho kilinivunjia nyumba. Siongezi chumvi, na majina nataja. Anayeumia aumie.

Shule niliishia la nne, so mnivumilie.

Miaka ya tisini nilikuwa driver wa lori kwa Wachina, Jinja, Uganda, nikikaa mtaa wa Kimaka. Mke wangu Nambozo ni Mgisu wa Mbale. Kaka yake Masaba ndiye foreman wetu, ndiye aliniingiza kazini. Nilimwamini kama tumetoka tumbo moja.

Madam Lin, mke wa boss, Jumapili asubuhi alikuwa anaita wafanyakazi na familia zao kula dim sum. Vikapu vidogo vya mianzi vinafuka mvuke, ndani vimikate vyeupe vya nyama, chai haina sukari. Meza ni duara, katikati kuna kioo kinazunguka. Unasukuma, kikapu kinakuja kwako.

Tamu, siwezi kudanganya.

Sasa msiojua: kwa Wagisu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai pamoja. Hawashikani mkono, hawali chombo kimoja, hawasemezani. Mkikutana njiani mmoja anaacha njia. Si mchezo.

Wiki moja Masaba akaniambia Jumapili watu wao wanakuja kutoka Malukhu, kwao Mbale.

"Na mama?" nikauliza.

"Mama mgonjwa, bwana. Wewe njoo ule."

Nambozo alikuwa na malaria, akabaki nyumbani. Nikaenda peke yangu, Masaba akanionyesha kiti. Watu wamejaa, vikapu vimepangwa juu ya vikapu mpaka humwoni wa ng'ambo.

Nikasukuma kioo. Nikanyoosha mkono kwenye kikapu. Mkono mwingine ukaingia humo humo.

Vidole vikagusana. Nikainua macho.

Mama mkwe!

Mama akajifunika uso kwa leso, akainuka, kiti kikaanguka. Madam Lin, maskini, akadhani chakula hakijaiva, akamkimbilia na kikapu kingine.

Jirani yangu mezani, Afande Opio, askari wa getini, akapasua kicheko: "Driver! Leo umeoa mama na binti!" Opio, sijakusahau.

Masaba hakucheka. Alisema kwa sauti, wote wasikie: "Umemdharau mama yangu."

Tukaitwa kikao cha ukoo, Mbale. Nilikuwa tayari kupeleka kondoo wa kutakasa, desturi iko. Masaba akasimama akaapa eti aliniambia mapema mama anakuja, na mimi nikamjibu mila zao ni ujinga.

Uongo mtupu!

Wazee wakamwamini mtoto wao. Nambozo naye akasema kaka yake hawezi kuapa uongo juu ya mama. Akabaki kwao. Mwaka haukuisha, yuko kwa Kamau, Mkenya wa mitumba mwenye stoo Namatala, Mbale hapo hapo. Rafiki wa nani? Wa Masaba. Sasa mmeanza kuelewa.

Miaka imepita, mama akafariki. Baada ya mazishi shangazi yake Nambozo akanikuta sokoni Jinja, akaniambia: "Mama alikuja kwa sababu Masaba alimwambia wewe uko safari Tororo."

Nikamshika mkono, nikamwomba anieleze yote.

Siku ya kikao mama alikuwa nyumba ya pili, ukuta tu katikati. Aliposikia mwanawe anaapa, akaamini nilikatisha safari makusudi nije kumwaibisha. Swali moja kutoka kwake, jibu moja kutoka kwangu, Masaba angeumbuka. Lakini sisi wawili ndio hatukuruhusiwa kusemezana. Masaba alilijua hilo vizuri kabisa.

Funzo langu: ukialikwa kula na wakwe, usiulize mtu mmoja nani anakuja. Zunguka meza, tazama kila uso, ndipo ukae.

Wanaotaka kusema "ni chakula tu", pita kimya. Wagisu mliomo humu, niambieni: kulikuwa na njia gani ya kumfikishia neno langu? Maana mama amezikwa akijua nilimdharau.